Taa za uwanja na nyumba za mlimani Mwanza: kisa kizima na nani alikuwa na haki wapi

Kisa kiko hivi. Kuna shule moja ya binafsi upande wa Ilemela, jina lake naliacha na la mtaa pia naliacha maana watu bado wanasalimiana na sitaki niwavurugie. Shule ina uwanja tangu zamani, vumbi tupu, mchana wanacheza wanafunzi na jioni vijana wa mtaa wanamuomba mlinzi wanaingia. Akaja mwekezaji akakaa na uongozi wa shule wakaelewana, akamwaga nyasi bandia, akazungushia wavu, akasimamisha nguzo nne za taa, mbili upande wa mlimani na mbili upande wa ziwani, makubaliano ni kwamba mchana uwanja ni wa shule na ikifika jioni ni wake, anaukodisha kwa saa. Siku ya kufungua mtaa mzima ulikuwepo, hata hao waliokuja kuandika barua ya malalamiko walikuwepo na mishkaki walikula. Balaa lilianza taa zilipokuwa zinawaka mpaka saa sita usiku, tena sio Jumamosi peke yake, kila siku.

Mimi niliingia humo kwa sababu kazi yangu ni umeme na mwenyekiti wa mtaa alitaka mtu ambaye hana upande aje aangalie zile taa zina shida gani kabla watu hawajafika mbali.

Kwanza tuwe wakweli, mwekezaji hakuja na kitu cha ajabu. Mwanza tuko karibu na ikweta, mwaka mzima ikifika kwenye saa moja jioni giza limeshaingia na haliingii polepole, mtu anatoka kazini saa kumi na moja, akipanda daladala na foleni mpaka afike nyumbani abadilishe nguo mchezo wa mwanga wa jua umeshaisha. Kirumba ni uwanja wa timu kubwa, Nyamagana una nyasi bandia lakini ratiba yake imejaa, kwa hiyo mtu mzima wa miaka arobaini mwenye kitambi anayetaka kucheza kwa muda wa saa moja na wenzake na kurudi kulala anacheza wapi? Na tangu Pamba Jiji warudi Ligi Kuu mwaka 2024 mji huu umepata homa ya mpira ambayo haikuwepo muda mrefu. Soko lipo. Viwanja vya kukodi kwa saa vitaendelea kuja, tena vingi, na kwa sababu ardhi tambarare Mwanza ni ya kutafuta kwa tochi vitakuja hapohapo katikati ya nyumba. Ndo maana kisa hiki nimeamua kukiandika chote.

Barua ya wakazi ilikuwa na malalamiko matatu yamechanganywa kama makande: mwanga, wadudu na kelele. Ukiyasoma yote pamoja unaona watu wana hasira tu, ukiyatenganisha ndo unaona kila moja lina dawa yake na mlango wake wa kupeleka.

Kelele ndo rahisi. Filimbi, kushangilia, pikipiki zinazosubiri abiria getini, na spika ambayo mwekezaji aliiweka kibandani ili watu "wachangamke". Kwenye kelele nchi hii ina kanuni za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira, kuna viwango vya mchana na vya usiku kwa maeneo ya makazi, na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, wanazijua vizuri maana ndo hizohizo wanazotumia kwa mabaa. Mwekezaji alipoambiwa hivyo spika aliitoa mwenyewe kesho yake, hakuna aliyebishana.

Wadudu walinishangaza zaidi, kwa sababu mtu wa Dar angecheka, lakini anayekaa kando ya ziwa hacheki hata kidogo. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka juu ya maji kama moshi wanatoka kwa wingi mwezi unapokuwa mwandamo, wanaishi siku chache tu wanakufa, na usiku wa giza kama huo wanafuata mwanga wowote mkali ulioko. Wavuvi wa dagaa wanajua mambo ya mwanga na giza kuliko wahandisi, wanaenda na taa zao usiku usio na mbalamwezi kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavutwi. Sasa wewe umesimamisha taa nyeupe yenye ubluu kwenye mteremko unaotazama ziwa, ulitegemea nini? Kuna mama mmoja mwenye mtoto mchanga alikuwa anafagia wadudu dirishani kila asubuhi wanajaa kizoleo, usiku hawezi kufungua dirisha, na chumba cha bati bila dirisha kufunguliwa unakijua joto lake. Taa zilizofungwa zilikuwa za rangi ya 5700 kelvini, ule weupe wa hospitali; kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikishuka mwanga unaelekea njano. Mwanga wenye ubluu mwingi unavuta wadudu kuliko ule wa njano, hilo linajulikana, na taa za 3000 au 4000 zipo sokoni na mpira unachezeka vizuri tu.

Turudi kwenye mwanga wenyewe maana hapo ndo kikao kilitaka kuvunjika.

Wakazi walikuwa na dai moja kubwa, nguzo zikatwe zifupishwe. Mzee mmoja mstaafu, mwalimu wa zamani, nyumba yake imepakana na uwanja kabisa na nguzo ya mlimani iko hatua chache kutoka ukuta wake, alisimama akatusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka ndugu zangu, mimi sina neno refu, ile nguzo ishuke chini ya ukuta wangu nilale". Watu wakapiga makofi. Na mwekezaji akaanza kulegea, akasema basi zile mbili za mlimani atazipunguza. Nikaomba wasikubaliane kwanza.

Nguzo fupi inafanya mambo kuwa mabaya zaidi, na hili watu wengi hawaamini mpaka walione. Taa ikiwa juu inaweza kutazama chini, inamwaga mwanga uwanjani inaishia hapo. Taa ikiwa chini, ili ifikishe mwanga katikati ya uwanja lazima uinyanyue uso itazame mbele, na ikishatazama mbele haiishii katikati ya uwanja, inaenda mpaka kwenye sebule ya mtu. Wataalamu wa Uingereza wa mambo ya taa wanashauri mwanga mkuu usivuke nyuzi 70 ukipima kutoka wima, na zile taa kwa macho tu zilikuwa zimevuka. Kwa nini nguzo zilikuwa fupi? Mwamba, bwana. Upande wa mlimani ukichimba nusu mita unakutana na jiwe, msingi wa nguzo ndefu unahitaji kompresa na siku kadhaa za kutoboa, fundi akamwambia bosi wake tuweke fupi tuzinyanyue uso, tutaokoa hela. Akaokoa hela kweli.

Halafu kuna suala la mlima. Vitabu vyote vya taa za michezo vinachora uwanja tambarare na nyumba tambarare, jirani anaangalia taa kutoka chini. Mwanza jirani yuko juu ya jiwe. Nyumba za mstari wa kwanza ziko karibu usawa wa uwanja, mstari wa pili sakafu yake iko usawa wa taa zenyewe, wa tatu unaziangalia taa kwa juu. Kwa hiyo taa iliyonyanyuliwa uso kidogo tu inamtazama mtu wa mstari wa pili jicho kwa jicho.

Nikamuomba mwenyekiti tufanye jaribio usiku, wakazi wawepo na mwekezaji awepo, tuzime nguzo moja moja. Nilikuwa na kipima mwanga kidogo cha kazini, sio cha maabara ila kinatosha. Tukaanza na nguzo ya mwalimu, ile anayoilalamikia. Imezimwa, tukaenda dirishani kwa mama mwenye mtoto mstari wa pili, hakuna kilichobadilika, namba ileile. Tukazima ya pili ya mlimani, namba ileile. Tukazima moja ya ziwani, ile ya mbali kabisa ambayo hakuna mtu aliyewahi hata kuitaja kwenye barua, na chumba kikaingia giza nusu. Tukazima ya pili ya ziwani, giza lote. Watu walinyamaza kidogo alafu wakaanza kuongea wote kwa pamoja.

Ukiifikiria ni jambo la wazi, taa ya upande wa mlimani imewapa nyumba mgongo, inatazama ziwa. Taa ya upande wa ziwani ndo inatazama mlima. Aliyekuwa anawaumiza nusu ya wakazi alikuwa ni nguzo ya mbali, na kama wangefanikiwa kuzifupisha zile mbili za karibu wangetoka kwenye kikao wameshinda na usiku wangelala na mwanga uleule. Mwalimu yeye kesi yake ilikuwa tofauti, anapata mwanga unaovuja nyuma ya taa iliyo karibu yake, mdogo zaidi lakini upo.

Sasa namba. Kuna mwongozo wa CIE, tume ya kimataifa ya mambo ya mwanga, namba 150, ulitoka 2003 ukafanyiwa marekebisho 2017, unagawa maeneo kwa jinsi yalivyo na mwanga tayari. Kijiji au makazi yenye giza, mwanga unaoangukia dirishani usizidi luksi 5 kabla ya muda wa kuzima na 1 baada ya hapo. Makazi ya mjini ya kawaida 10 na 2. Katikati ya jiji kwenye maduka na pilikapilika 25 na 5. Ili ujue luksi ni nini, mwezi mpevu unaofanya uone njia vizuri ni kama robo ya luksi moja. Kwa mama mwenye mtoto kipimo kilikuwa juu ya ile 10 bila ubishi, na ilikuwa inaendelea hivyo mpaka saa sita ambapo kilitakiwa kiwe 2.

Ubishi ukahamia kwenye kundi. Mwekezaji akasema Mwanza ni jiji, kwa hiyo 25. Kijana mmoja wa wakazi, msomi, akasema mtaa huu hauna hata taa ya barabarani kwa hiyo sisi ni giza, 5. Kwa maoni yangu wote walikuwa wanavuta kamba, mtaa wa makazi mjini ni lile kundi la katikati na ndo nililoliandika kwenye ripoti. Lakini pia niliandika kwamba huo mwongozo sio sheria ya Tanzania, ni kipimo cha kuwasaidia watu waongee lugha moja, na kwenye kile kikao hakuna upande uliokuja na kanuni ya nchi yenye namba ya luksi. Na kuna kitu kipimo cha dirishani hakikioni, taa yenyewe kama inaonekana uchi kutoka kitandani inachoma macho hata kama luksi ni chache, ndo maana mwongozo una viwango vya ukali wa taa pia, mbali na vile vya dirishani.

Na uwanja wenyewe ulikuwa unawaka kupita kiasi. Viwango vya Ulaya vya taa za mpira viko ngazi tatu, luksi 500 kwa mashindano makubwa, 200 ya katikati, 75 kwa mazoezi na burudani. Watu wa kukodi saa moja wanahitaji hiyo ya chini au juu yake kidogo. Mwekezaji alifunga kwa hesabu ya uwanja wa mashindano kwa sababu muuza taa alimwambia nyingi ndo nzuri, na LUKU akawa anaijaza yeye.

Hapo mtu atasema basi fundi geuza taa yameisha. Hayajaisha, na hapa ndo naona wakazi walikuwa na hoja nzito kuliko waliyoiandika.

Shule ina hati ya ardhi. Hati inaandika matumizi, na matumizi ni elimu. Uwanja wa michezo ndani ya shule hauna tatizo, ni sehemu ya shule. Lakini uwanja unaokodishwa kwa watu wa nje kuanzia saa moja mpaka saa sita usiku kila siku, wenye geti lake, kibanda cha kulipia na maegesho ya pikipiki, hiyo bado ni shule? Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 kubadilisha matumizi kwa kiwango cha maana ni uendelezaji na unahitaji kibali, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka mwenye hati aombe kabla ya kubadilisha matumizi. Mwekezaji alikuwa na kibali cha kujenga wavu na kibanda. Kubadilisha matumizi hakuna aliyeomba. Mkuu wa shule alisema, na nadhani alisema kwa nia njema kabisa, "uwanja ulikuwepo, hatujabadilisha kitu, tumeweka taa tu". Mimi naona hizo taa ndo badiliko lenyewe. Bila taa uwanja unajifunga wenyewe saa moja jioni kila siku ya Mungu, hauhitaji mtu wa kusimamia wala sharti lolote, ukiweka taa umeongeza saa tano za biashara ambazo jirani aliponunua kiwanja chake hazikuwepo na hakuna aliyemuuliza. Utaratibu wa kuomba kibali upo ili jirani apate nafasi ya kusema pingamizi lake kabla nguzo haijasimama, sio baada.

Kwenye kupeleka malalamiko pia watu walizunguka sana. Mmoja alipeleka barua Jiji wakati mtaa uko Ilemela, na Ilemela ni manispaa yake tangu 2012, barua ikakaa huko mpaka akaelekezwa. Wengine walikimbilia baraza la kata wakitegemea hukumu, wakaambiwa tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata kwenye mambo ya ardhi linasuluhisha tu, likishindwa ndani ya siku 30 mtu anakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Yule kijana msomi alikuja na Sheria ya Mazingira ya 2004 ambayo kifungu chake cha 4 kinasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, akataka waende mahakamani moja kwa moja. Haki anayo. Lakini mlango uliokuwa karibu zaidi, na wenye meno, ulikuwa ni ofisi ya mipango miji ya manispaa na swali moja tu: hii biashara ina kibali cha matumizi?

Swali hilo lilipoulizwa kwa maandishi mambo yalibadilika haraka, shule yenyewe ndo iliomba kikao cha pili.

Kuna waliokuwa wanataka uwanja ufungwe kabisa usiku, na kuna vijana walikuja na jezi wamesimama nyuma ya ukumbi kuonyesha kwamba wao pia ni wakazi. Na ni kweli, ni wakazi, dada anayeuza chipsi pale getini ni mkazi, yule bodaboda ni mkazi. Hiki sio kisa cha mtaa dhidi ya tajiri. Chicago huko Marekani kuna uwanja wa besiboli unaitwa Wrigley Field uko katikati ya nyumba za watu, ulikaa miongo na miongo bila taa, majirani wakapigana, sheria zikatungwa za kuzuia, mpaka mwaka 1988 baraza la jiji likaruhusu taa lakini likaweka na ukomo wa mechi za usiku, 18 kwa msimu, na mechi ya kwanza ya usiku ikapangwa tarehe 8 Agosti mwaka huo, mvua ikaikatisha. Ninachokipenda pale ni kwamba hawakubishana nguzo ziwepo au zisiwepo milele, walikaa wakahesabu usiku ngapi. Kwetu kila mtu alikuwa anabishana kuhusu nguzo na hakuna aliyeuliza usiku ngapi na mpaka saa ngapi, mpaka mama mwenye mtoto ndo akauliza.

Akasema "Mwenyekiti, mimi mpira siuchukii, mume wangu anacheza palepale Alhamisi. Nataka kujua tu saa ngapi zinazimwa, nijipange". Nafikiri alimaliza kikao.

Walichokubaliana ni hiki. Kuzima saa nne usiku, Ijumaa na Jumamosi saa nne na nusu, na kuzima kufanywe na taima sio na mlinzi, maana mlinzi anaombwa dakika kumi na dakika kumi zinakuwa saa nzima. Jumapili hakuna taa. Nguzo za ziwani zirefushwe, upande ule chini ni udongo sio mwamba kwa hiyo msingi haukuwa tatizo, na taa zake zibadilishwe zile zenye kioo bapa kinacholala sawa na ardhi, ambazo mwanga wake unasukumwa mbele na lensi ya ndani badala ya kuinua taa uso. Taa ya aina hiyo haitoi mwanga juu ya usawa wake yenyewe, kwa hiyo mstari wa pili na wa tatu, ambao taa ndefu au fupi wangeziona tu, sasa wanaona uwanja unang'aa lakini hawaioni taa. Mlima uliokuwa adui ukawa msaada. Rangi ishuke mpaka 4000, na idadi ya taa ipungue.

Mwekezaji alilalamika gharama, na haki yake kulalamika, nguzo na taa mara mbili sio hela ndogo, ila hela ileile angetumia mara moja kama angeuliza mwanzoni. Saa zilizokatwa alizifidia kwa kuanza mapema, saa kumi na mbili jioni, shule ikampa.

Tulirudi kupima taa mpya zilipofungwa. Mstari wa pili umeshuka chini ya 10 vizuri tu, baada ya saa nne ni giza la kawaida la mtaa. Wadudu bado wanakuja ule wakati wa mwezi mwandamo, wamepungua, hawajaisha, na sidhani wataisha maana ni watu wa ziwa kuliko sisi. Mwalimu ndo hajapona sawasawa. Taa ya karibu yake imewekewa kofia nyuma, mwanga unaovuja umepungua lakini ukutani kwake bado kuna mstari mweupe, na kuihamisha ile nguzo ni kurudi kwenye mwamba. Shule imesema itapanda miti, yeye amewajibu kwamba kwa umri wake hawezi kusubiri mti ukue, kwa hiyo anataka nguzo isogezwe na hilo ameliandika kama pingamizi kwenye ombi la kubadilisha matumizi ambalo sasa shule imelipeleka manispaa. Saa za kuzima nazo zimeandikwa humohumo kwenye ombi ili ziwe sharti la kibali, wakazi walikataa zibaki kwenye muhtasari wa kikao peke yake.